Uzi: Mwanafunzi kaandika kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani) kwenye swali la Macbeth, nimpe ngapi?

TichaWaJinja (mwenye uzi):
Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi mliosoma HEL na HLD (michepuo ya sanaa yenye Literature) mkaishia kuuza simu, naomba akili zenu kabla ya Jumatatu. Skripti ziko mezani, mkuu wa idara anazitaka, na kuna moja nimeitia alama nikafuta, nikatia tena nikafuta, mpaka karatasi imetoboka.

Nafundisha Literature S.5 na S.6, ile miaka miwili ya mwisho ya sekondari hapa Uganda, shule siitaji. Tumemaliza moki (mtihani wa majaribio), pepa ya michezo ile P310/2 niliitunga mimi, na kwenye swali la kipande nikaweka karamu ya Macbeth, ule mchezo wa Shakespeare, tendo la 3 onyesho la 4. Kwa wasiojua mambo yetu: mtoto anapewa ukurasa hivi au mbili zilizokatwa kwenye mchezo, kitabu chenyewe haingii nacho, anaulizwa kabla ya hapo kulitokea nini, wahusika wanaonekanaje, mbinu gani zimetumika, na mwisho lile swali la miaka yote, kipande hiki kina uzito gani kwa mchezo mzima.

Sasa hapo kwenye uzito. Nina skripti 64. Arobaini na kitu zimeandika sentensi moja, neno kwa neno, hata koma imekaa pale pale, kwamba kipande kinaendeleza dhamira ya hatia na kinaonyesha mwanzo wa anguko la Macbeth. Naijua hiyo sentensi, iko kwenye pamfleti inayouzwa kwenye vibanda vya fotokopi. Na ni sahihi! Markingi gaidi yangu, yaani mwongozo wa kusahihishia, inasema hivo hivo. Basi wote nikawapa 8 kwa 10, mkono unaenda wenyewe kama mtu anachambua mchele.

Halafu nikafika kwa binti mmoja anayekaa nyuma, Kiingereza chake kinachechemea, S.4 alivuka kwa kushika ukuta. Yeye kaandika hivi, nawawekea kwa Kiswahili: hii shughuli ni kama kwanjula iliyoharibika. Mwanzo mwenye shughuli anawaambia wageni wakae kila mtu kwa cheo chake kama MC anavyopanga hai tebo (meza kuu). Akija kukaa mwenyewe anakuta kiti chake kimekaliwa na marehemu. Mwisho mke wake anawafukuza wageni, anawaambia msiangalie nani atangulie na nani afuate, tokeni tu. "Waliingia kwa vyeo wakatoka kama mbuzi. Mtu aliyeua mkubwa wake ili apate kiti hawezi tena kumwambia mtu yeyote akae wapi." Akaacha hapo. Hakuna neno dhamira, hakuna hatia, tamathali hata moja ya dawa hamna.

Gaidi langu halina hiyo pointi. Nikampa 3. Nikaenda kuchemsha chai, nikarudi nikafungua kitabu. Kumbe kweli, onyesho linaanza na Macbeth akiwaambia wageni wanajua vyeo vyao wakae, na Lady Macbeth mwishoni anawaondoa bila kungoja utaratibu wa kutoka. Mistari zaidi ya mia iko katikati. Nimefundisha hicho kitabu miaka 11 na sijawahi kuushika ule mwanzo na ule mwisho nikaviweka pamoja.

Nimpe ngapi? Na hawa arobaini wa pamfleti niwafanye nini?

Shemeji256:
Mpe 10 tuendelee na maisha 😂😂 mtu aliyeandika "wakatoka kama mbuzi" huyo alikuwepo kwenye hiyo shughuli

mzee_wa_pepa:
Mwalimu, pole na kazi. Mimi nimesahihisha mitihani ya taifa misimu mingi kabla ya kustaafu na nikwambie kosa lako liko wapi, haliko kwenye hiyo 3. Kosa ni kwamba uliandika mwongozo ukaufunga kabla hujasoma skripti hata moja. Sisi tulikuwa tukifika kwanza tunakaa, tunasoma skripti za majaribio pamoja, tunabishana mpaka sauti zinakauka, kila mtu anasema huyu nampa ngapi na kwa nini, mwongozo unarekebishwa, ndio sasa kila mmoja anapewa swali lake moja skripti zinaanza kupita mkononi. Mwongozo unaotoka mle siyo ule ulioingia. Wewe ulikuwa mtunzi, msahihishaji na mkubwa wa wasahihishaji, ungebishana na nani? Na teapot?

Kuhusu binti. Hoja yoyote inayosimama juu ya maandishi ya mchezo inapata alama, iwe mtunzi aliiwaza au hakuiwaza. Yake inasimama. Lakini 10 sitoi, shemeji tulia. Swali linasema uzito kwa mchezo MZIMA. Ameona mlango wa kuingia na wa kutoka wa onyesho lenyewe, hajavuka kizingiti. Wageni wakishaondoka Macbeth anauliza habari za Macduff, mkubwa mmoja aliyekataa kuja. Kiti kingine kitupu hicho, na ndiye atakayemuua mwishoni. Angeligusa hilo tu ningempa 9. Mpe 7.

S6_mtesekaji:
samahani wakubwa mimi ni mwanafunzi nasoma hili somo sasa hivi, si kwa mwalimu mwenye uzi, naomba niseme kitu msinipige

mnacheka pamfleti lakini hebu semeni ukweli. Shuleni kwetu kila mchezo una kopi tano au sita, darasa tuko zaidi ya 70, kopi moja imekatika ukurasa wa mwisho mpaka leo kuna watu hawajui nani alikufa. Mwalimu anaingia anasoma notsi sisi tunaandika mpaka vidole vinakufa. Notsi zenyewe ndizo pamfleti, na pamfleti ndio markingi gaidi, zote tatu mama mmoja baba mmoja. Halafu nikiandika akili yangu napewa 3, rafiki yangu akiandika pamfleti anapewa 8. Ungekuwa mimi ungekrami au ungewaza?? Mwalimu mwenyewe amesema hapo juu, arobaini amewapa 8. Yaani tumesoma soko tu

TichaWaJinja:
@S6_mtesekaji mwanangu hapo umenipiga panapouma na sina jibu. Endelea kukaa kwenye uzi.

mtu_wa_sayansi:
Watu wazima usiku huu mnabishania mzimu wa Scotland. Ndio maana serikali ikawaacha

Bombo_Binti:
@mtu_wa_sayansi umekuja na ule mshahara wa milioni 4 waliopewa walimu wa sayansi 2022 kututangazia? Tunajua ssebo, walimu wa sanaa waligoma wakarudi darasani na mshahara ule ule. Kunywa soda yako ukae pembeni, watu wanaongea.

Mwalimu wa Jinja, mimi siyo mwalimu wa darasani, nafundisha kundi la maigizo la vijana hapa Bombo na mara moja moja shule zinaniita kuwaandalia seti buku (vitabu vya mtihani). Naona wote mnaulizana alama na hakuna anayeuliza swali lilikuwa la aina gani. Ukiuliza "kina uzito gani" jibu lake ni notsi, huwezi kumlaumu mtoto. Huyo binti amelijibu vizuri kwa bahati, kwa sababu kichwani mwake aliwaweka watu kwenye viti, wengine waliweka maneno kwenye karatasi. Hivi kwenye hiyo karamu kuna kitu ambacho kila anayeuweka huo mchezo jukwaani lazima akate shauri: mzimu wa Banquo, rafiki aliyeuawa kwa amri ya Macbeth, unaonekana na Macbeth peke yake. Sasa kile kiti, unamkalisha mwigizaji na damu kichwani ili watazamaji wote wamuone, au unaacha kiti kitupu Macbeth apige kelele kwa hewa? Lady Macbeth anamwambia mumewe wazi kwamba anachokitazama ni kiti tu. Ukimweka mwigizaji, watazamaji wanakuwa upande wa Macbeth, wanaona anachoona, na mke anakuwa kipofu. Ukiacha kitupu watazamaji wanakaa na wageni, wanamuona mwenye nyumba amerukwa na akili. Ni michezo miwili tofauti kabisa kutoka kwa maneno yale yale!

Uliza hilo. Pamfleti gani itamjibia?

mzee_wa_pepa:
Dada wa Bombo umesema neno. Ila nina wasiwasi, hilo swali majibu yote mawili ni sahihi, na msahihishaji aliyechoka saa kumi jioni anapenda jibu moja. Utatiaje alama?

Bombo_Binti:
Mzee wangu, kwa heshima, shauri lenyewe lisipewe alama hata moja. Alama ziende kwa mistari anayoishika kulitetea. Akisema kitupu akaleta ule mstari wa mke, sawa. Akisema mwigizaji akaleta maelekezo ya jukwaani yanayosema mzimu unaingia na kukaa mahali pa Macbeth, sawa pia. Akisema kitupu "kwa sababu mzimu haupo" bila mstari wowote, sifuri na salamu.

mama_chapati_Busia:
Mnisamehe mimi sijasoma mpaka huko lakini uzi huu umenifanya chapati ziungue. Mtoto wangu yuko S.3 kwa hii mitaala mpya, siku moja karudi anataka lesu tatu, kitambaa cheusi na upanga wa mbao eti ni AOI (kazi ya vitendo ya darasani) ya Literature, wanaigiza. Nikauliza alama anapata nani? Akasema kundi. Kundi watu 12. Wangu alishona nguo zote, mwenzake alisimama mlangoni kama askari hakusema neno, wote alama sawa. Sasa hiyo inapima nini, ushonaji? Na nasikia inaenda mpaka UNEB, baraza la mitihani.

TichaWaJinja:
@mama_chapati_Busia mama pole na chapati. Ndiyo inaenda, hii mitaala iliyoanza 2020 kazi za darasani zinabeba 20 kwa mia na pepa ya mwisho 80, na wale wa UCE (mtihani wa taifa wa S.4) 2024 ndio walikuwa wa kwanza kupimwa hivo. Kwa maigizo naona ni nafasi nzuri kuliko zote tulizowahi kupata, mtu asome mchezo kwa miguu siyo kwa macho tu. Lakini malalamiko yako ni ya haki. Mimi kwa S.3 nafanya hivi, wakimaliza kuigiza namuita mmoja mmoja namuuliza dakika mbili: ulisimama wapi na kwa nini, ukiwa huna la kusema mikono ilikuwa inafanya nini. Huyo askari wa mlangoni anaweza kupata alama kubwa kabisa kama anajua alikuwa anamlinda nani na alisikia nini. Aliyesimama kama nguzo anajulikana hapo hapo. Shida ni kwamba watoto 80 mara dakika mbili ni karibu saa tatu, kwa hiyo ukweli ni kwamba sifanyi kila muhula.

Ustadh_Mbale:
Assalaam aleikum jamvini. Nafundisha Kiswahili na nikiazimwa nafundisha Literature, nikihamia huku nahamia na kelele zangu. Mmeongea michezo, ushairi mmeuacha yatima. Huko ndiko kumeoza zaidi.

Angalieni mtihani wa shairi lisiloonwa, lile mtoto analikuta siku ya pepa. Watoto wetu wanaingia mle kama wawindaji, kalamu mkononi, tashbihi hii hapa, tashihisi ile pale, takriri nimeikamata mkia. Wanajaza ukurasa mzima majina ya tamathali na hakuna anayesema shairi limefanya nini. Ni kama mtu umemualika pilau akakuhesabia karafuu. Niliwahi kumuuliza kijana shairi linahusu nini akaniambia "linahusu personification". Wallahi.

Lakini wao hawana kosa, ndivyo tunavyowapa alama, jina la tamathali 1, mfano 1, jumla 2, mbele kwa mbele.

Jambo la pili ni mdundo. Shairi letu la Kiswahili mtoto analisikia, beti mishororo minne, mizani nane ukwapi nane utao, vina vya kati na vya mwisho, ukikosea mizani moja hata mpishi wa shule anageuka. Kwa nini? Kwa sababu tunahesabu silabi. Kiingereza cha Shakespeare kinahesabu mikazo, silabi kumi lakini mkazo mara tano, chini juu chini juu. Na mkazo wa Kiingereza unaruka ruka, wa kwetu umelala pale pale silabi ya pili kutoka mwisho toka tumezaliwa. Mtoto wa Mbale akisoma mstari wa Shakespeare kwa lafudhi yake ile mikazo mitano inayeyuka, hawezi kusikia kisichokuwepo kinywani mwake. Ukimuwekea swali la kupima mikazo umempima lafudhi, hujampima ushairi. Mimi hilo swali nimelifuta kwenye pepa zangu kabisa na atakayenishtaki anishtaki.

Ninachouliza ni kitu jicho na sikio la kawaida linaweza kukiona. Kwa mfano Julius Caesar, baada ya Kaizari kuuawa, Brutus anahutubia umati kwa nathari, maneno ya kawaida mpaka ukingoni mwa ukurasa, halafu Antony anapanda anahutubia kwa ushairi. Swali: tazama kurasa mbili hizi zilivyokaa, kwa nini mmoja kapewa maneno yanayotembea na mwingine yanayocheza ngoma, na umati ulimfuata nani? Mtoto mwenyewe anaona kwa macho kabla hajaelewa neno hata moja. Kabla ya hapo nawasomea hotuba zote mbili katika tafsiri ya Nyerere, yule aliyepita Makerere 1943 mpaka 1945, alikitafsiri hicho kitabu kikatoka 1963. Wakishacheka na kukasirika kwa Kiswahili, Kiingereza kinaingia kimelainika. Jibu wanaandika Kiingereza, sharti ni hilo, lakini kicheko kilishatokea.

S6_mtesekaji:
ustadh hiyo ya kurasa kukaa imenikumbusha, moki yetu sekretari alitaipu shairi likawa aya moja ndefu ili kuokoa karatasi 😭 mistari yote imeungana, halafu swali la kwanza linasema toa maoni yako juu ya urefu wa mistari. Mwalimu alikuja kutuambia kwa mdomo "wekeni alama mahali mnapoona herufi kubwa". Na shairi lenyewe lilikuwa la kisasa halina herufi kubwa

Ustadh_Mbale:
@S6_mtesekaji 😂😂😂 inna lillahi. Hapo mmesahihishiwa sekretari.

Shemeji256:
herufi kubwa nimekufa. nimekufa kabisa banange

ladit_Gulu:
Ustadh naongezea kutoka huku kaskazini. Tuna Okot p'Bitek, mtu wetu, Song of Lawino ikatoka kwa Kiingereza 1966. Kuna mwalimu alitunga swali wanafunzi waeleze vina katika shairi hilo. Sasa vina vipi? Okot alitunga kwa Kiacholi kwanza, na kule ndiko kuna vina. Alipohamishia Kiingereza mwenyewe kwa mkono wake aliandika pale mwanzoni kwamba katika kutafsiri ameua mdundo na vina. Mtunzi kakiri mauaji, mwalimu anawaambia watoto watafute marehemu!

Lakini waulize watoto wa huku ule msemo uliomo humo, usiling'oe boga kwenye boma la zamani, bibi zao wanauongea mpaka leo. Hapo kila mtoto ana la kusema, hata yule asiyeinua mkono. Nilichogundua ni kwamba wakati mwingine mtoto wa Gulu analijua shairi kuliko anayemtia alama, ila anajua kwa mlango wa nyuma, na gaidi linalinda mlango wa mbele tu. Naona huyo binti wa kwanjula ni jambo hilo hilo.

mzee_wa_pepa:
Ladit nakubaliana nusu. Nimeona pia upande wa pili. Mtoto anaandika kurasa nne za mila za kwao, shairi halionekani tena, limefunikwa na mahari na ng'ombe. Kwanjula ya binti wa Jinja inakubalika kwa sababu moja tu, ukiiondoa hoja inabaki imesimama. Viti kwa vyeo, kutoka bila vyeo, vyote viko kwenye Shakespeare. Kwanjula ilikuwa ngazi, alipanda akaiacha. Mwingine angeleta kwanjula akabaki anakula pilau ya huko.

Bombo_Binti:
"akabaki anakula pilau ya huko" mzee unatunga mashairi kwa siri wewe

TichaWaJinja:
Haya nimekaa usiku nimeandika swali jipya la muhula wa tatu. Lichaneni. Kipande ni kile kile.

"Unaandaa onyesho hili katika ukumbi wa shule yenu. (a) Eleza utakavyopanga viti na nani atakaa wapi. (b) Amua kama watazamaji watamuona Banquo au kiti kitupu, na utetee uamuzi wako kwa maneno yaliyomo katika kipande. (c) Eleza taa, mavazi, muziki na mandhari. (d) Onyesha jinsi uamuzi wako unavyobadilisha tunavyomtazama Lady Macbeth katika sehemu nyingine ya mchezo."

S6_mtesekaji:
(c) ni ya watu waliowahi kuona thieta. Mimi sijawahi kuingia ile National Theatre ya Kampala, nimeipita kwa teksi tu. Taa za jukwaa nitaandika nini, kwetu umeme wenyewe unakuja unaondoka. Utakuwa umempima anayekaa Kampala

Bombo_Binti:
Mtoto kasema kweli. Ile nyumba imefunguliwa 1959 na bado wengi hawajaiona ndani. Toa (c) yote. Na kwa (a) weka mpaka, mwambie ashike mistari, la sivyo atakuchorea viti vya plastiki na tenti nyeupe ukurasa mzima.

mzee_wa_pepa:
Toa (c). Na (a) na (b) ziunganishe, kwa sababu anayejua nani anakaa wapi tayari ameshaanza kujibu kiti ni kitupu au la, utakuwa unamlipa mara mbili kwa kazi moja. (d) ndiyo swali lenyewe, iache, ipe alama nyingi. Hiyo ndiyo inaenda kwa mchezo mzima na haina ukurasa kwenye pamfleti. Na ujaribu kulijibu mwenyewe kwanza kwa saa inayotembea. Mimi nimeona walimu wanaotunga maswali ambayo wao wenyewe wangepata 4.

mtu_wa_sayansi:
Nimesoma uzi wote. Naomba kuuliza, mke alikuwa anajua kwamba Banquo ameuawa au hajui?

Bombo_Binti:
@mtu_wa_sayansi 👀👀 karibu ndani kaka. Hakuambiwa. Kabla ya karamu anauliza mumewe ana mpango gani, mume anamwambia abaki bila kujua mpaka kazi iishe. Kwa hiyo pale mezani anafunika kitu asichokijua, anawaambia wageni mume wangu ana hali hii tangu ujana wake. Anadanganya gizani.

mtu_wa_sayansi:
Basi kiti kiwe kitupu. Kama mimi mtazamaji namuona maiti na yeye haoni, nitamcheka yule mama. Kikiwa kitupu namuonea huruma kwa sababu na mimi sioni.

mzee_wa_pepa:
Mnaona? Huyo ameijibu (d) bila kusoma HEL. Ingawa mstari hajautaja. 6.

Shemeji256:
sayansi kapata 6 😂 mpelekeeni cheti

TichaWaJinja:
Narudisha majibu, najua mlisahau.

Binti nilimpa 7 ya mzee. Mkuu wa idara aliikuta akaniita, akaniuliza hiyo pointi iko wapi kwenye gaidi, nikamfungulia kitabu nikamuonyesha mstari wa mwanzo na wa mwisho. Alikaa kimya kidogo. Akaniambia sawa, lakini iandike kwenye gaidi ili wote waliosema hivo wapate. Nikamwambia hakuna mwingine aliyesema. Akasema iandike hivo hivo. Nimeandika. Wale arobaini nimewaacha na 8 zao kwa sababu swali nilitunga mimi na walijibu nilichouliza, roho inaniuma lakini sikuona njia ya haki ya kuwashusha.

Swali jipya niliwapa wiki ya pili baada ya kufungua, (c) nimeitoa, dakika 50. Yule kijana wangu wa kwanza darasani, mfalme wa pamfleti, dakika 15 nzima aliangalia dari. Nikadhani nimemuua. Halafu akainua mkono akauliza "ticha, naruhusiwa kusimama?" Nikamwambia simama. Akasimama, akavuta kiti chake mbele, akakitazama, akazunguka nyuma yake, darasa lote linacheka, akarudi kukaa akaandika kurasa mbili na nusu. Alichagua mwigizaji akae, akasema ili watazamaji wajue Macbeth hadanganyi hata pale anapoonekana mwongo. Kiingereza chake kilikuwa na makosa ambayo sijawahi kuyaona kwake, kwa sababu kwa mara ya kwanza kilikuwa chake.

Binti naye aliandika kidogo, nusu ukurasa. Safari hii Macduff yumo. Alisema angeweka kiti kimoja zaidi mezani ambacho hakuna anayekikalia tangu mwanzo mpaka mwisho na hakuna anayekitaja.

Sasa mzee_wa_pepa hilo la kiti cha pili halimo kwenye kipande wala kwenye maelekezo ya jukwaani, amelizua yeye. Nalipa ngapi?

mzee_wa_pepa:
Nipigie.